Ufunguo wa Maji ya Betri

Vijana wa maabara mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau, na najua mlitegemea nianze na vyeo na safari. Vyeo viko kwenye faili langu, na mshahara mnaujua, kwa sababu ni huohuo mnaoulalamikia ninyi. Mimi nitaanza na ufunguo, halafu nitawaeleza habari za Konsolata, maana siwezi kusimulia miaka yangu ya kazi bila kumtaja yeye. Nimejaribu, haikuwezekana.

Nilianza kazi miaka ya sabini, binti wa Lindi mwenye cheti cha fundi sanifu wa maabara na viatu nilivyoazima kwa shangazi yangu wa Ilala. Kitengo chetu kilikuwa Gerezani, jirani na Kariakoo, ndani ya ghala la zamani la muuza nguo ambalo lilikuwa limetaifishwa. Jina la mwenyewe lilipakwa chokaa juu ya mlango, lakini mvua ikinyesha lilijitokeza tena, likakaa siku mbili tatu, likapotea. Chini kulikuwa na maabara, juu ofisi, na uani kisima chenye maji ya chumvi ambayo sabuni ilikataa kutoa povu ndani yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pamba ya hospitali ilitoka nje ya nchi, na fedha za kigeni hazikuwepo. Wodi za wazazi zilikuwa zinatandika magazeti na vipande vya kanga kuukuu. Basi tukaambiwa tujitegemee, tutafute kitu cha hapahapa kinachonyonya maji na kuyashika, ili zitengenezwe pedi za kutandika chini ya mgonjwa. Tulikiita ute. Kwenye ripoti kilikuwa na jina refu, lakini sisi tuliokikoroga tulisema ute tu.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Nassoro, mkemia. Alisoma Ulaya, lakini kwanza alikuwa mtoto wa mpika halua wa Kariakoo, na kila alichojua kuhusu ute alikuwa ameanza kukijua kwenye sufuria ya baba yake. Siku yangu ya kwanza aliniita nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanipa mwiko.

"Kuna vitu vinakunywa maji vikashiba," akaniambia, "na kuna vitu vinakunywa maji vikatapika. Sisi tunatafuta vinavyoshiba."

Kisha akanieleza kwamba unga wa muhogo, ute wa bamia, gundi ya mgunga na mwani wa baharini, vyote asili yake ni sukari zilizoshikana mikono zikawa mnyororo mrefu. Ukijua namna ya kuifunga ile minyororo inakuwa wavu, na maji yakiingia kwenye wavu yanakaa. Nimesoma vitabu vingi baadaye na sikukuta maelezo yaliyonipa zaidi ya hayo. Nikaanza kukoroga. Baada ya muda mkono ukachoka, nikageuza upande. Akanishika mkono.

"Upande mmoja, binti. Ukirudi nyuma unaukata. Baba yangu angekuwa ameshakutoa dukani."

Mzee Nassoro hakuwa mtu wa kusifu. Ute ukimridhisha, aliubonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza halua, akasema, "Imekaa." Neno moja tu, alilolirithi dukani. Usipomridhisha alisema, "Bado kidogo." Mimi nilipata bado kidogo za kutosha kujengea nyumba. Nilitaka ile nyingine. Wenzangu walitaka viwanja na baiskeli. Mimi nilitaka mzee yule abonyeze ute wangu aseme imekaa, na nilikuwa tayari kukoroga mpaka mabega yateguke.

Namna ya kupima ilikuwa rahisi, na ninyi bado mnaitumia, ingawa sasa mna vifuko vya kununua. Sisi tulishona wenyewe kwa kitambaa cha chandarua. Unakausha ute juani juu ya paa mpaka unakuwa karatasi, unausaga, unautia kwenye kifuko, unapima uzito. Unautumbukiza kwenye maji, unauacha unywe, unauning'iniza kwenye kamba mpaka udondoshe maji ya nje, unapima tena. Kamba yetu ilipita katikati ya maabara, na mgeni akiingia alidhani tunaanika soksi za watoto.

Maji ya kupimia hayakuwa ya bomba. Kwenye kona ulikuwepo mtambo wa kukeneka, unaochemsha maji na kuukusanya mvuke tone kwa tone, na maji yake hayakuwa na chumvi wala uchafu wowote. Vitabu vyote vilisema tupimie hayo. Mtaani yalijulikana kama maji ya betri, na kwa kuwa maduka yalikuwa matupu, kila dereva wa Gerezani aliijua njia ya kuja kwetu na chupa ya soda kwapani. Umeme ukikatika mtambo ulilala, bomba likikauka ulilala tena. Kile kidogo kilichopatikana kilihifadhiwa kwenye dumu, dumu ndani ya kabati, na kabati lilikuwa na kufuli.

Ufunguo wa kufuli ile Mzee Nassoro alinipa mimi. "Somoe," akasema, "haya usimpe mtu kwa kumwonea huruma." Niliutia uzi nikauvaa shingoni. Mnaweza kucheka, lakini hakuna cheti nilichopata kilichonipa raha kama ule uzi.

Nilipewa mwani. Ulitoka kwetu kusini kwa magunia, na nilikuwa nauona ni wangu kwa sababu nilikua nikiukanyaga. Nilikuwa nauosha, nauchemsha, nauchuja kwenye kifumbu cha tui, nauanika. Nikiutia kwenye maji ya betri ulivimba mpaka kifuko kikakaza mshono. Wageni walipiga makofi. Mzee Nassoro aliubonyeza, akautazama upande huu na upande ule, akasema, "Bado kidogo." Lakini alisema huku ameketi kwenye meza yangu. Kila asubuhi wakati wa chai alichukua kigoda chake na kikombe chake cha bati akaja kukaa kwangu, na nilijua kwamba kama lile neno lipo, litatua kwenye meza ile.

Ndipo akaja Konsolata.

Alitoka Songea, mwembamba, mwenye sauti ya chini, akapanga chumba Mchikichini. Siku ya kwanza alinipa shikamoo. Tulipishana miaka michache tu na ile shikamoo sikuipenda, lakini niliitikia, nikamwonyesha meza yake iliyokuwa karibu na mlango wa uani. Alipewa kazi ya kujaribu kila kitu kisichokuwa mwani. Asubuhi iliyofuata alikuja na chombo mkononi.

"Dada Somoe, naomba maji ya kupimia."

"Yameisha, ndugu. Njoo kesho."

Hayakuwa yameisha. Yalikuwa ya mwani, kwa sababu mwani ndio uliokuwa mbele, na utaratibu ulikuwa kwamba kazi iliyo mbele inapewa kwanza. Mimi sikumnyima, nilifuata utaratibu, na hakuna mtu aliyewahi kuufuata utaratibu kwa moyo kama nilivyoufuata mimi siku zile. Kesho yake alikuja tena nikamjibu vilevile. Hakungoja mara ya tatu. Alisema, "Haya, dada," akachukua ndoo, akaenda kisimani. Tangu siku hiyo akawa anatumia maji ya kisima, yale ya chumvi, kwa kupikia na kwa kupimia, na hakumlalamikia mtu. Hilo la kutolalamika ndilo lililoniudhi. Angelalamika ningemjibu.

Nilimwonea wivu. Naliandika neno hili wazi ili msihangaike kulitafuta. Nilimwonea wivu kwa mikono yake isiyochoka, kwa jinsi alivyocheka na wazee wa stoo, kwa kuwa alikuwa hajui kwamba kuna mtu anamtazama. Kisha ikaja asubuhi moja, chai imeshachemka, Mzee Nassoro akachukua kigoda chake, akapita meza yangu, akaenda kukaa kwake.

Nilidhani amekosea. Kesho yake akaenda tena. Vicheko vyao nilivisikia mpaka kwenye mizani. Nyumbani sikuwa na habari nyingine. Konsolata kafanya hivi, Konsolata kavaa vile, Konsolata kacheka. Mume wangu, mtu wa maneno machache, aliweka tonge chini akaniuliza, "Huyu Konsolata unafanya naye kazi au mmeolewa pamoja?"

Nikajiambia lazima kuna siri. Mzee anamfundisha jambo ambalo hakunifundisha mimi. Nilishawishika kabisa kwamba anampeleka kwenye duka la halua la baba yake, ambalo wakati ule lilikuwa limeshaachiwa mdogo wake, na kwamba anaonyeshwa sufuria ambayo mimi sikuwahi kuonyeshwa. Konsolata alikuwa na kawaida ya kutoka mchana na gunia tupu. Basi siku moja nikavua koti jeupe, nikajitanda kanga mpaka puani, nikamfuata.

Alishika Barabara ya Msimbazi nami nyuma yake. Mbele ya duka la halua nikapunguza mwendo. Alipita bila kulitazama. Akaingia sokoni, akashuka shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, kwenye vyakula vikavu, akauliza bei ya ukwaju, akacheka na muuzaji, hakununua. Akatoka, akakata kwenda Ilala, akafika Mchikichini kwenye ua mmoja ambako akina mama walikuwa wanakamua ukwaju kwa ajili ya juisi ya kuuza. Nikajibanza nyuma ya toroli la magodoro. Nikamwona anachutama, anazoa kokwa za ukwaju zilizotupwa, anazitia kwenye gunia. Mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, unazifanyia nini? Hizo hata mbuzi hawali." Konsolata akamjibu kwamba anapika uji wa kuwatandikia wazazi hospitalini, na yule mama akamtazama kwa huruma.

Gunia lilipojaa alilifunga, akasimama, na bila hata kugeuka akasema, "Dada Somoe, shika pembe hii. Umenifuata tangu Msimbazi, angalau tubebe wote."

Nilishika. Ningefanya nini? Tukarudi na gunia katikati yetu, kanga yangu ikiwa imeshateremka mabegani. Hamali walitukimbilia wakidhani tuna mzigo wa maana. Tulipokaribia soko nikauliza nilichokuwa nacho.

"Mzee anakufundisha nini?"

"Mimi?" Akalihamisha gunia mkono. "Hanifundishi kitu. Anakuja kwangu kwa sababu uji wangu unaharibika. Nilianza na bamia, ikaharibika. Gundi ya mgunga, ikaharibika. Kila ninachotia kwenye yale maji ya kisima kinakataa kuvimba. Sasa nimebaki na muhogo na hizi kokwa. Wako hauharibiki, dada. Aje kukaa kwako kufanya nini?"

Aliyasema kwa wema, nami nikayapokea kwa kinyongo. Usiku ule nilitamani uji wangu uharibike.

Namna yake ya kupika nitaieleza kwa sababu ni kazi nzuri, na mimi najua kuitenga kazi na mtu. Alizikaanga zile kokwa mpaka ganda la kahawia likapasuka, akalipeta, akasaga kiini cheupe. Akakichanganya na wanga wa muhogo, akakoroga upande mmoja mpaka ukaachia sufuria. Kisha akautia kwenye sehemu ya barafu ya friji ukagande, akautoa uyeyuke, akaurudisha tena. Umeme ulimsaidia kwa kukatika. Ulipokauka ulikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Ukiubonyeza unanywea, ukiuachia unanyanyuka. Kwenye maji ulikunywa polepole bila mbwembwe, na haukufikia hata nusu ya ule wangu. Nilipoyaona matokeo yake nililala vizuri.

Mwishowe hospitali ya Upanga ikaomba kuona tulichonacho. Mzee Nassoro alisema zitakwenda pedi mbili, ya mwani na ya ukwaju, na itakayochaguliwa ndiyo itakayotengenezwa. Mimi niliishona yangu kwa mikono miwili na roho yote. Nikajaza chupa ya maji ya betri, nikaifunika kwa kitambaa safi. Tulikwenda kwa miguu kwa sababu gari halikuwa na petroli, mzee mbele na makubazi yake, sisi wawili nyuma, kila mmoja na pedi yake chini ya kwapa. Njiani nilikuwa nalisikia lile neno masikioni, imekaa, imekaa.

Matroni wa wodi ya wazazi alikuwa mama mnene asiyependa kupotezewa muda. Tuliziweka pedi kwenye meza ya bati. Nikaitoa chupa yangu.

"Hayo maji gani?"

"Ni maji safi, mama. Yaliyokenekwa. Ndiyo ya kupimia."

"Ya nini? Sisi hapa hatufuti maji ya mvua." Akamgeukia muuguzi. "Niletee ile ndoo ya wodini kabla haijamwagwa."

Ikaletwa. Sitawaelezea harufu. Akachota kopo, akamimina kwenye pedi yangu.

Kwanza ilikunywa. Nikavuta pumzi. Halafu ikasita, na mbele ya macho yangu ikaanza kujikunja, ikawa ngumu, ikakunjamana, na ule mkojo ukatiririka mezani, ukashika ukingo, ukamwagikia makubazi ya Mzee Nassoro. Hakusogeza mguu. Alikuwa anatazama pedi.

Matroni akachota tena akamimina kwenye ya Konsolata. Ikanywa polepole kama kawaida yake. Ikaendelea. Ikanyanyuka kidogo, ikatulia. Matroni akaikandamiza kwa kiganja chote, akakigeuza kiganja, akakiangalia. Kilikuwa kikavu. Mzee Nassoro akapeleka kidole gumba chake, akabonyeza, akangoja.

"Imekaa," akasema.

Nililisikia likisemwa kwa mwingine. Konsolata hakujua hata kwamba amepewa kitu. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kumfutia mzee makubazi.

Tulivyokuwa tunarudi Mzee Nassoro alinieleza taratibu, nami nawapa kama alivyonipa. Mnyororo wa mwani umebeba chaji ya umeme. Kwenye maji matupu pingili zake zinasukumana, wavu unatanuka, kila mtu anapiga makofi. Ukiingia kwenye chumvi, chumvi inazinyamazisha zile pingili, wavu unajikunja na kuyatema maji. Muhogo na ukwaju havina chaji, kwao maji ni maji. Mkojo una chumvi, akasema, damu ina chumvi, jasho lina chumvi. "Mtu mzima mzima ana chumvi, Somoe. Nami nimekaa miaka yote nikiyafurahia maji yako safi." Hakunilaumu. Vitabu vilisema hivyo, naye aliviamini kama mimi.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu moyoni. Kama ningempa Konsolata maji ya betri siku ile ya kwanza, bamia yake ingevimba vizuri, gundi yake ingevimba vizuri, angebaki nazo, na siku ya Matroni zingejikunja mezani pamoja na mwani wangu. Asingezoa kokwa Mchikichini. Chumvi ya kisima ndiyo iliyomchujia, na kisimani nilimpeleka mimi. Ukiangalia kwa haki, ushindi ule nusu yake ni wangu. Nililitafakari hilo kuanzia Upanga hadi Gerezani na halikunipunguzia chochote.

Kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi kupokea habari njema. Siku zile kazi ilikuwa ya wote, hakuna jina la mtu kwenye ripoti, lakini katibu wa tawi la chama alitaka kujua ilikuwaje. Akamsimamisha Konsolata mbele yetu.

"Ndugu, ulijuaje kutumia maji ya chumvi wakati wenzako wote wanatumia maji safi?"

Nilitazama chini. Ufunguo ulikuwa unanichoma kifuani. Kila mtu katika chumba kile alijua nani anashika kabati.

"Sikujua," akasema Konsolata. "Dada Somoe ndiye aliyenizoesha maji ya kisima."

Katibu akafurahi sana. Akaniomba nisimame, akasema huo ndio moyo wa ndugu, mkubwa kumwongoza mdogo, na ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nikasimama pale napigiwa makofi. Hadi leo sijui kama alinishukuru au alinichoma, na uso wake haukunionyesha kitu. Nimelirudia jibu lile miaka yote hii nikioga, nikipika, nikingoja basi. Ningekuwa mimi ningesema neno la uchungu, au ningesema uongo. Yeye alisema kweli tupu na ikatosha. Hata ushindi wake sikuuonea wivu kama nilivyolionea jibu lile.

Pedi za ukwaju zilitumika wodini muda mrefu. Wauguzi waliziita mikate. Akina mama wa juisi walianza kuuza kokwa walizokuwa wakitupa, jambo lililomfurahisha Konsolata na kumsumbua mhasibu. Mzee Nassoro alistaafu na kigoda chake akakiacha pale kilipo, kwenye meza ya karibu na mlango wa uani. Neno lake mimi sikuwahi kulipata. Ninyi mliofanya kazi chini yangu mnajua kwamba nami sikuwahi kuwaambia imekaa, mkanisema nyuma ya mgongo kwamba mama yule ana roho ngumu. Sikuwa nalo neno lile, ningewapa kutoka wapi?

Konsolata alihamishiwa Unguja. Kulikuwa na mradi mpya kule wa mwani, mwani wangu, na walimtaka yeye auongoze kwa sababu ya sifa zake za ukwaju. Nilisaini kadi ya kumuaga. Siku yake ya mwisho, wengine wameshashuka kwenda kula, alikuja kwenye meza yangu na bilauri mkononi.

"Dada Somoe," akasema, "nina ombi. Sijawahi kukusumbua tena tangu siku zile."

"Omba."

"Naomba maji ya betri. Kidogo tu. Nataka kuyaonja."

Nikautoa uzi shingoni. Nilifungua kabati, nikamimina nusu bilauri, nikampa. Akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akayanywa yote taratibu, akasimama kidogo kama anayengoja kitu kifuate ulimini. Kisha akanirudishia bilauri.

"Hayana ladha, dada," akasema. "Hayana ladha hata kidogo."

Akanipa mkono, akanibusu mashavuni, akaenda zake. Sikusikia kejeli ndani yake. Nilisikiliza sana na sikuisikia.

Nilibaki na kabati wazi. Miaka yote ile nilikuwa nimeyakinga, nimeyapima, nimeyafungia, nimewafukuza madereva na kumfukuza yeye, na kuyaonja sikuwahi, kwa sababu maji yale hayakuwa ya kunywa. Nikamimina kwenye bilauri ileile, upande ule alionywea, nikanywa.

Alisema kweli. Na nikamwonea wivu kwa hilo pia, kwamba aliwahi kulijua kabla yangu.